Jua Huenda Wapi Usiku?

Leo wekeni kalamu chini. Somo letu lina haja ya chungwa moja, karafuu mbili na taa.

Jambo lenyewe ni hili. Mmekaa uani jioni, giza linaingia, na mtoto wa miaka sita anauliza, "Mama, jua limekwenda wapi?" Wengi wetu hujibu, "Limekwenda kulala, mwanangu." Wengine, kwa kuchoka, husema, "Nyamaza, zimwi litakusikia." Jibu la kwanza halina ubaya mwingi, ila siku moja mwalimu wa shule atamwambia vingine. Jibu la pili ni baya. Mtoto anayeogopa giza hathubutu kwenda msalani peke yake, hukojoa kitandani, kisha tunampiga kwa hofu tuliyompandia wenyewe.

Ukweli ni kwamba jua haliendi kulala. Dunia yetu ni mviringo, nayo huzunguka yenyewe kama pia, mzunguko mmoja kwa saa 24. Upande unaoelekea jua una mchana. Upande uliolipa jua mgongo una usiku. Basi huo usiku ni kivuli cha dunia yenyewe, wala hauna zimwi ndani yake.

Sasa washeni taa, mwiweke mezani upande wenu wa kulia. Funga madirisha, chumba kiwe na giza. Shika chungwa mbele yako, kikonyo kikiwa juu. Chomeka karafuu moja katikati ya chungwa, hiyo ni Kigoma. Chomeka ya pili kulia kwake, karibu sana, hiyo ni Dar es Salaam. Zungusha chungwa polepole, upande unaoutazama wewe uende kutoka kushoto kwenda kulia. Taa isiguswe! Mmeona? Karafuu zinatoka gizani, na mwanga unaigusa Dar es Salaam kwanza, Kigoma baadaye. Ndivyo ilivyo hasa. Saa za miji hiyo ni zile zile, lakini jua huonekana Dar es Salaam karibu dakika 40 kabla ya Kigoma. Mvuvi wa Kigoma bado yumo gizani, na mwuza samaki wa Dar es Salaam amekwisha panga samaki wake.

Mpe mtoto alizungushe mwenyewe. Akizungusha taa badala ya chungwa, msimcheke. Hata wataalamu wa zamani walidhani hivyo kwa karne nyingi.

Labda mzee mmoja darasani anauliza, "Kama tunazunguka, mbona hatuoni kizunguzungu?" Swali zuri, mzee wangu. Ukiwa ndani ya meli na bahari imetulia, chai haimwagiki kikombeni, ingawa meli inakwenda. Dunia nayo huenda sawasawa bila kushtuka, na kila kitu kinakwenda pamoja nayo: nyumba, miti, hata hewa. Mtu aliye kwenye mstari wa ikweta huchukuliwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, wala hajui.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati katika kufundisha. Mchana wetu ni kiasi cha saa 12 na usiku vivyo hivyo, karibu mwaka mzima, ndiyo maana saa zetu za Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapotua. Huko London mwezi wa Juni mchana hupita saa 16, na Desemba haufiki saa 8, kwa kuwa dunia huzunguka ikiwa imeinama. Lakini hilo mwacheni mtoto akue kwanza.

Na mtoto wa miaka mitatu au minne je? Huyo msimsumbue na chungwa, atalila. Mtoeni nje jioni, mmshike mkono, mmwonyeshe wenye kazi za usiku: popo anayetoka kutafuta matunda, asumini inayofunguka na kunukia. Muulizeni, "Nani amelala? Nani ameamka?" Giza likiwa na majina ya vitu anavyovijua, hofu hupungua.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja afanye jaribio hili nyumbani na mtoto, wake au wa jirani, kisha aandike sentensi tatu za maneno aliyoyasema mtoto. Mwalimu wenu atazisoma. Juma lijalo tutazungumza habari za mwezi. Kwaherini.