Kobe Wawili Hawafanani Tabia: Somo kwa Mfugaji wa Tabora

Msimu huu vijana kadhaa wa Urambo, Sikonge na Uyui wameniuliza swali moja: "Afisa, kobe wanafugika? Na wana soko?" Nijibu la soko kwanza, halafu tuingie kwenye jambo ambalo kwangu lina faida zaidi, yaani tabia ya mnyama mmoja mmoja.

Kobe si kuku wa kienyeji

Kobe wa porini ni mnyamapori, na analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Ukimuokota shambani ukampeleka nyumbani, au ukamuuza kwa mtu wa mjini, umeshaingia kwenye kosa. Anayetaka kumfuga lazima apate kibali, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya TAWA au ya afisa wanyamapori wa wilaya yako. Tena mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Kwa hiyo kijana anayekuja kukwambia "kusanya kobe, nina mteja Dar" anakutafutia kesi, wala si mtaji.

Kobe wetu ana jina la msafiri wa Kazeh

Ukifyeka pori la miombo huku kwetu unaweza kukutana na kobe mdogo wa rangi ya kahawia, ambaye gamba lake kwa nyuma lina bawaba kama ya mlango. Akiogopa, anashusha sehemu ile ya nyuma na kujifungia. Wataalamu wanamwita Kinixys spekii. Hilo "spekii" linatokana na John Hanning Speke, aliyefika Kazeh, yaani hapa Tabora, mwezi Novemba 1857 pamoja na Richard Burton. Walikuja kwa njia ile ile ya misafara ya wapagazi kutoka pwani, wakaendelea hadi Ujiji. Sidi Mubarak Bombay naye alikuwemo kwenye safari hiyo. Mwaka 1863 mtaalamu wa Uingereza, John Edward Gray, akampa kobe huyu jina la Speke.

Yupo pia kobe mwenye madoa kama chui, mkubwa kuliko huyo, ambaye chakula chake kikuu ni majani. Huyu wa Speke hula vingi: majani, matunda yaliyoanguka, uyoga, konokono na hata jongoo. Anayemaliza konokono bustanini ni rafiki wa mkulima.

Watatu kwenye ua mmoja

Kuna familia moja yenye kibali ambayo huwa napita kwao nikiwa kwenye ziara za kata. Wana kobe watatu wa madoa, wanakula chakula kimoja na kulala banda moja. Watoto wamewapa majina. Jemedari ukimgusa anajificha, lakini kabla hujahesabu hadi ishirini kichwa kimeshatoka na safari inaendelea. Bibi akijifungia unaweza kwenda kuteka maji ukarudi ukamkuta vile vile. Wa tatu, Mkaguzi, kazi yake ni kuzunguka ukuta akitafuta upenyo. Ukiweka ndoo mpya uani, yeye ndiye wa kwanza kuifikia.

Mtu anayewaona kwa mara moja atasema Bibi anaumwa na Mkaguzi ana njaa. Wenye nyumba wanajua kwamba ndivyo walivyo, miaka yote.

Wala usidhani kobe hana akili kwa sababu anakwenda polepole. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba kobe wenye miguu myekundu, wa Amerika Kusini, hujifunza kwa kumtazama mwenzao. Chakula kiliwekwa nyuma ya uzio. Waliomwona mwenzao akiuzunguka waliweza nao, na wasiomwona walishindwa. Utafiti mwingine uliotoka mwaka 2020 ulihusu kobe wakubwa sana, jamii ya wale wa kisiwa cha Changuu kule Zanzibar, ambao wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kwenye bustani ya wanyama ya Vienna walifundishwa kugusa mpira wa rangi fulani ili wapate chakula, na baada ya miaka 9 walikuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo.

Tofautisha tabia na hali

Hapa ndipo wafugaji wengi wanapokosea. Tabia ni kile mnyama anachokifanya siku zote. Hali ni kile anachokifanya leo kwa sababu ya baridi, kiangazi, njaa au ugonjwa. Kwa kobe tofauti hii ni kubwa, maana mwili wake hupata joto kutoka nje. Saa moja asubuhi mwezi Julai hata Jemedari anaonekana mvivu. Kiangazi kikikolea kobe wa Speke hujichimbia chini ya majani makavu, magogo au kwenye mashimo, akingoja mvua. Ule si ugonjwa.

Mwenye kibali na anayetaka kuwajua kobe wake afanye hivi:

1. Mtazame kila mmoja saa ile ile, jua likiwa limeshapanda.
2. Mguse gamba kidogo, kisha hesabu inachukua muda gani kichwa kutoka.
3. Weka kitu kipya uani uone nani anakisogelea na nani anakikwepa.
4. Rudia kwa siku tano au zaidi, na uandike kwenye daftari. Siku moja haitoshi.

Mwoga akichukua muda mrefu kutoka, hakuna shida. Jasiri wako akianza kujificha kutwa nzima wakati wa mvua, macho yamevimba, puani kuna ute na chakula hataki, huyo anahitaji daktari wa mifugo. Bila daftari usingejua kwamba amebadilika.

Kinachotuhusu sote: moto wa shamba

Hata kama hutafuga kobe maisha yako yote, hili linakuhusu. Kiangazi ndipo tunaposafisha mashamba ya tumbaku na mahindi, na wengi tunachoma. Wakati huo huo kobe wamelala chini ya majani yale yale. Swala atakimbia. Kobe akisikia kishindo silaha yake ni kujifungia, na moto haujali gamba. Yule mwoga, anayejificha muda mrefu kuliko wenzake, ndiye asiyekuwa na nafasi kabisa.

Kwa hiyo usichome ovyo. Mabaki ya mimea yafukie au yatandaze kama matandazo, udongo wako utakushukuru. Ukilazimika kuchoma, pata ruhusa ya kijiji, kata njia ya moto, kusanya mabaki sehemu moja, pita ukigeuza magogo na marundo kabla ya kiberiti, na ukimkuta kobe msogeze pembeni, porini karibu na hapo hapo. Usimpeleke nyumbani.

Peleka somo hili zizini

Wewe una ng'ombe, mbuzi na kuku. Nao hawafanani. Maksai mmoja anashika mfereji vizuri akiwa kulia, ukimhamishia kushoto anavuruga jembe. Mbuzi mmoja ndiye anayefungua njia ya kuingia shamba la jirani, wengine wanamfuata. Mtetea mmoja analalia mayai bila kusumbua, mwenzake anayaacha siku ya kumi. Haya yote ni pesa. Ukijua nani ni nani, unajua nani wa kubaki na nani wa kuuza, na mnyama akibadilika unamwahi kabla hajalala chini.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Anza na daftari la shilingi chache, mnyama mmoja ukurasa mmoja, mwezi mmoja. Ukimaliza niletee tulipitie pamoja. Kazi njema, tukutane shambani.