Silabi Wazi na Ufundishaji wa Kiingereza kwa Watoto wa Japani

Mwaka 2011 shughuli za Kiingereza zilifanywa za lazima katika darasa la 5 na la 6 la shule za msingi nchini Japani. Mwaka 2020 zilishushwa hadi darasa la 3 na la 4, na madarasa mawili ya juu yakapewa somo kamili lenye kutathminiwa. Makala haya yanafafanua tatizo moja la kifonolojia linalowakabili walimu wa watoto hao.

Kijapani, kama Kiswahili, hupendelea silabi wazi. Neno *milk*, lenye silabi moja, hutoholewa kuwa *miruku*: irabu mbili huchopekwa, na /l/ hupokewa kama /r/ ya Kijapani. Vivyo hivyo, *bus* huwa *basu*, kama lilivyo *basi* katika Kiswahili. Hati ya katakana huimarisha mwelekeo huo, kwani karibu herufi zake zote, isipokuwa ile ya /n/, huishia kwa irabu.

Kwa hiyo, mtoto asemaye *miruku* hakukosa bidii. Anafuata kanuni za lugha yake. Hata hivyo, kumwandikia kila neno la Kiingereza kwa katakana ni kuimarisha kanuni hizo mahali zisipohitajika. Yafaa sikio litangulie maandishi: mtoto asikie, apige kofi kwa kila silabi, atofautishe kofi moja la *milk* na makofi matatu ya *miruku*, ndipo asome. Lengo si kuifuta lugha ya kwanza, bali kumwezesha mtoto kutambua mipaka ya kanuni zake.