Mteja Asiyeomba Kupunguziwa

Weka tangazo la friji lililotumika kwenye tovuti ya Jiji au Facebook saa mbili usiku, na kabla hujapanda kitandani simu haitulii. "Ipo?" Umejibu, kimya. "Bei ya mwisho?" Umejibu, kimya tena. Mmoja ana laki mbili na nusu mkononi na anakuja sasa hivi, wakati umeandika laki nne na nusu. Mwingine anataka mbadilishane na simu yake iliyopasuka kioo. Mwingine anauliza uko wapi, na tangazo limesema Tabata. Halafu yupo aliyeahidi kuja Jumamosi saa nne asubuhi. Umeacha shughuli zako, umelisogeza friji sebuleni na kulifuta vumbi, na ikifika saa sita namba yake haipatikani.

Baada ya siku kadhaa za namna hiyo anajitokeza mteja mstaarabu. Anasalimia vizuri, anakuita kaka, haulizi friji limetumika miaka mingapi, haombi kupunguziwa hata elfu kumi. "Nimelipenda, kaka. Nipe namba nikutumie hela, kijana wangu atakuja na Kirikuu kulichukua." Muuzaji anashusha pumzi. Hapo ndipo wengi wanapolizwa.

Ushauri tunaopewa kila siku kwamba tujihadhari na matapeli haumsaidii mtu aliyechoka, na tapeli wa vitu vilivyotumika anamwinda huyohuyo aliyechoka. Hahitaji muuzaji mjinga. Usumbufu wa wiki nzima umeshamfungulia njia. Kazi yake ni kufika akiwa tofauti na wote waliomtangulia. Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza ni hiki: mteja wa kweli anasumbua. Anaomba picha ya nyuma ya friji, anauliza kama kompresa imewahi kubadilishwa, anataka kuja na fundi, anavutana na wewe kwenye bei mpaka mnakereka wote wawili. Hela yake inamuuma. Mtu asiyeumwa na hela ya laki nne na nusu, kwa kitu ambacho hajakiona kwa macho, huenda hana mpango wa kuitoa.

Usumbufu wenyewe una sababu yake. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala iliyochambua soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz kwa kazi za aina hiyo. Hoja yake inaeleweka hata na asiyesoma uchumi. Muuzaji anajua ubovu wa gari lake, mnunuzi haujui. Kwa kuwa hawezi kulitenga zuri na bovu, mnunuzi anataja bei ya kujikinga, chini ya thamani ya gari zuri. Mwenye gari zuri anaona anaonewa na kuondoka sokoni. Wanaobaki ni wenye mabovu, kwa hiyo mnunuzi anazidi kuogopa na bei inazidi kushuka. Yule wa laki mbili na nusu, pamoja na kukera kwake, anajikinga. Hajui kama friji lako linagandisha au linanguruma tu. Na muuzaji mwaminifu anapochoka na kumwachia dalali kwa bei ya kutupa, soko linabaki mikononi mwa wazoefu, wema na wabaya.

Unaweza kupunguza usumbufu huo kwa kumwonyesha mnunuzi kile unachokijua wewe. Piga picha mchana, friji likiwa limewashwa na barafu inaonekana. Kibandiko cha nyuma chenye modeli kisomeke. Kutu ya mlangoni usiifiche, kwa sababu mnunuzi aliyeikuta mwenyewe baada ya kupanda daladala mbili atashusha bei kuliko aliyeambiwa mapema. Andika mwaka uliolinunua, kama risiti ipo, kwa nini unauza, uko mtaa gani, na kama bei inazungumzika. Kisha weka karatasi yenye jina lako la kwanza na tarehe pembeni ya friji, na ionekane katika kila picha. Faida ya karatasi hiyo utaiona muda si mrefu.

Njia nyepesi ya yule mteja mstaarabu ni ujumbe wa kughushi. Anaandika maneno yanayofanana kabisa na ya M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas, yakiwa na namba ya muamala, kiasi na salio jipya, kisha anautuma kama ujumbe wa kawaida. Ukitulia utaona umetoka kwenye namba ya mtu na si kwenye jina la huduma, na salio lililoandikwa halilingani na ulilokuwa nalo asubuhi. Lakini nani anatulia wakati kijana yuko mlangoni, Kirikuu inanguruma, na bosi wake anapiga simu kwa ukali akiuliza mbona unamchelewesha? Wengine hutuma picha ya skrini ya benki yenye maandishi kwamba malipo "yanasubiri" na yataingia mzigo ukishaondoka. Picha aliyokutumia mnunuzi haina thamani yoyote. Usisome ujumbe, fungua menyu mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, *150*60# kwa Airtel Money, au programu ya benki yako. Salio lisipoongezeka, friji halitoki, hata kijana akikaa mlangoni mpaka jioni.

Utapeli ninaouogopa zaidi hauhitaji ujumbe bandia. Una watu watatu, na wawili kati yao ni waaminifu.

Chukua friji letu la Tabata. Mtu anapiga simu, anakubali laki nne na nusu, anasema yuko Dodoma kikazi na atamtuma shemeji yake aje aliangalie. Ana ombi moja: "Usimtajie bei, kaka. Nimemwambia bei nyingine, ni mambo ya kifamilia tu." Ombi linaonekana dogo na la kiungwana, unakubali. Kumbe ameshazichukua picha zako na kulitangaza friji hilohilo kwa laki tatu. Mama mmoja wa Mbagala anayetaka kuanza biashara ya juisi amelipenda. Naye anapewa maelekezo yake: "Friji liko kwa mdogo wangu Tabata, dada. Nenda kaliangalie, ila usizungumze naye habari za hela, ananidai na ataing'ang'ania. Ukiridhika nitumie mimi mwenyewe."

Mama anafika. Unamkaribisha ukidhani ndiye shemeji. Yeye anadhani wewe ndiye mdogo mtu. Anafungua mlango, anagusa barafu, anachungulia chini kuona kama linavuja, anasema ameridhika. Bei haitajwi, kila mmoja akiamini anamstahi mwenzake. Anatoka kibarazani, anatuma laki tatu kwenye namba aliyopewa. Anaporudi ndani na vijana wa kubeba, unamuuliza hela iko wapi. Anakwambia ameshalipa. Unapiga Dodoma, simu imezimwa.

Sasa mama anamwona mwenye friji mwizi, na mwenye friji anamwona mama mwizi. Mambo kama haya huishia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kituoni, na anayeumia mara nyingi ni aliyetoa hela, kwa sababu friji bado liko kwa mwenyewe. Tapeli akitaka, anaweza pia kumtumia muuzaji ujumbe bandia, mama akaondoka na friji, na hasara ikageuka kuwa ya muuzaji. Vyovyote itakavyokuwa, nguvu yake yote iko kwenye sentensi moja: msizungumze bei. Amewaweka watu wawili chumba kimoja na kuhakikisha kwamba neno moja muhimu halitoki kinywani mwa yeyote.

Kwa hiyo litamke. Mgeni akishaketi mwambie waziwazi: "Karibu mama. Mwenye friji ni mimi, nauza laki nne na nusu, na hela inaingia kwenye namba yangu hii." Mtego unakatika hapo hapo. Mtu yeyote anayekuomba umfiche mnunuzi bei, kwa sababu yoyote ile, mkatalie. Na ile karatasi yenye jina na tarehe kwenye picha inamwia vigumu mwizi wa matangazo, kwa kuwa mnunuzi makini ataona jina lisilo la anayezungumza naye.

Ewe unayenunua, una kinga nyingine. Unapotuma hela kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujakamilisha muamala. Jina lisipolingana na la mtu aliyesimama mbele yako, acha. Likilingana, bado usimalize kuamini, maana zipo laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu ambao hawana habari. Kwa Tanzania piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Unaweza kukuta namba usiyoijua ikitembea kwa jina lako.

Hela iliyoingia kweli nayo inaweza kuleta taabu. Kampuni za simu zina utaratibu wa kumsaidia mtu aliyekosea namba. Kenya, kwa mfano, mteja wa Safaricom hupeleka ujumbe wa muamala kwenda 456. Ni huduma ya haki, imewaokoa wengi. Tapeli anaigeuza: analipa, anachukua mzigo, kisha analalamika kwamba alituma kimakosa. Kinga yako ni maandishi. Andikeni hati fupi ya mauziano yenye majina, bei, tarehe, namba za vitambulisho na sahihi, na mazungumzo yenu ya simu usiyafute. Kwa kitu cha bei kubwa nendeni pamoja kwa wakala au benki, hela ihesabiwe mkononi. Na ukiambiwa "nimezidisha, nirudishie tofauti kwenye namba ya dereva", usirudishe kitu kwenye namba nyingine. Mwambie aombe marejesho kwa kampuni yake. Hela hiyo huenda haikuingia kabisa, au imetoka kwa mtu mwingine aliyetapeliwa asubuhi hiyo.

Kuna la kukariri hapa: kupokea hela hakuhitaji namba yako ya siri, wala kubonyeza kiungo, wala kumsomea mtu tarakimu zozote. Anayekuomba tarakimu sita "kuthibitisha kwamba wewe ni muuzaji halisi" anataka akaunti yako ya WhatsApp. Tarakimu hizo hutumwa mtu anapojaribu kuifungua namba yako kwenye simu nyingine. Akishaingia, shangazi yako na wenzako wa kazini wataanza kuombwa mkopo kwa jina lako.

Unapouza simu, ongeza uangalifu. Ondoa akaunti ya Google kabla ya kufuta kila kitu, kwa sababu kinga iliyokuja na Android 5.1 mwaka 2015 huifanya simu iliyofutwa idai nenosiri la mmiliki wa zamani. iPhone ina kufuli la namna hiyo tangu iOS 7 ya mwaka 2013. Wauzaji wengi waaminifu wameitwa wezi kwa kusahau hatua hii. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Piga *#06#, uandike namba ya utambulisho wa simu, yaani IMEI, kwenye hati ya mauziano, ili simu ikija kutumika kwa uhalifu uwe na ushahidi wa siku iliyotoka mikononi mwako. Kwa Tanzania, mnunuzi naye aitume IMEI hiyo kwenda 15090 aihakiki kabla ya kulipa.

Ukipigwa, saa moja ya kwanza ina thamani kuliko wiki inayofuata. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe hela izuiwe kabla haijatolewa kwa wakala. Tanzania, peleka ujumbe wa tapeli kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Kenya, kwa Safaricom, ni 333. Nenda polisi na mazungumzo yote, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako, na usikubali kuambiwa kwamba ulijitakia. Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwa Tanzania, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018.

Wengi hawaripoti kwa sababu wanaona aibu, au wanasema laki tatu zimeshakwenda, basi. Ninaomba sana tuache hilo. Toa taarifa hata kama ulimshtukia mapema na hukupoteza kitu, kwa sababu namba isiyoripotiwa inaendelea kupiga simu kwa wauzaji wengine usiku huohuo.