Bumu, Sembe na Vitamini B

Msikilizaji, bumu likitoka, wanachuo hujipanga kwenye vibanda vya chipsi. Likiisha, hubaki chai ya rangi na maandazi asubuhi, kisha ugali wa sembe au wali jioni. Njaa hutulia kwa namna hiyo. Leo nataka kuzungumzia kile ambacho sahani hiyo hukileta kwa uchache mno, yaani vitamini za kundi la B.

Ziko nane. Huusaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu, kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Zote huyeyuka katika maji, na nyingi mwili hauziwekei akiba kubwa, isipokuwa B12, ambayo hukaa katika ini hata miaka kadhaa. Kwa hiyo aliyekula vizuri wiki ya kwanza ya bumu hawezi kudai kuwa ameshajilimbikizia za muhula mzima.

Nafaka zetu zinazo, lakini sehemu kubwa imo katika kiini na ganda. Mashine ya kukoboa huviondoa vyote viwili, vikaenda kwa kuku na ng'ombe kwa jina la pumba. Mwanachuo hubakiwa na unga mweupe, na ukimpa dona huona umemrudisha bweni la sekondari.

Mahindi yana kasoro nyingine. B3 iliyomo imefungwa ndani ya punje, kiasi kwamba mwili hauichukui vizuri. Jambo hili lilionekana kwa uchungu nchini Malawi mwaka 1990, miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji. Mgawo wao mkubwa ulikuwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa B3 zilipokatika, watu zaidi ya 17,000 waliugua pelagra. Huo ni ugonjwa wa ngozi kubabuka juani, kuhara, na hata kuchanganyikiwa akili. Wanachuo wetu hawako kambini, na sisemi kuwa pelagra inabisha hodi Mlimani. Ninachosema ni kwamba karanga za kukaanga zinazouzwa nje ya ukumbi wa mihadhara ni chakula hasa, wala si za kupotezea muda.

Linalonitia hofu zaidi ni foleti, yaani B9. Mwanamke wa umri wa kuzaa hushauriwa kupata mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, tangu kabla ya kushika mimba. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ifikapo siku ya 28 hivi, wakati wasichana wengi hawajajua kama ni wajawazito. Usipojifunga, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi. Upungufu wa foleti si sababu pekee, lakini ni sababu inayozuilika. Msichana wa chuo huenda hana mpango wa kuzaa mwaka huu. Mimba nazo hazifuati ratiba ya mitihani.

Mwaka 2011 Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi, asidi ya foliki na B12 zikiwamo, katika unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani. Ni hatua nzuri. Lakini sembe nyingi husagwa kwenye mashine ndogo za mitaani, ambako mara nyingi hakiongezwi kitu.

Mitihani ikikaribia huja vinywaji vya kopo vinavyojisifu kwa B6 na B12. Kinachomkesesha mwanafunzi pale ni kafeini. Afadhali yai, kwa kweli chipsi mayai, kwa sababu ya B2 na B12 za yai, haistahili matusi yote inayopewa.

Foleti ya bei ya mwanachuo imo katika maharage, choroko na kunde. Kikombe kimoja cha kunde zilizopikwa kina zaidi ya mikrogramu 300. Lakini katika kanteni nilizokula mimi, maharage ni upawa mmoja wenye mchuzi mwingi juu ya mlima wa wali. Vyuo ndivyo vinavyotoa zabuni za kanteni hizo, na mkataba unaotaja bei ya sahani unaweza pia kutaja kipimo cha maharage.