Mgeni mwenye fedha kando ya Ziwa Chapala

Habari za Wamexico wanaovuka mpaka kwenda Marekani umezisikia sana. Umeona picha za ukuta, za jangwa, za akina mama wakiwa na watoto migongoni. Leo nakuomba tuwatazame wanaopita njia hiyohiyo wakielekea upande wa pili: wazee wa Marekani na Kanada, wengi wao wastaafu, wanaouza nyumba zao na kwenda kumalizia maisha Mexico. Hao hakuna anayewapiga picha. Wanakuja na gari lao, mbwa wao na pensheni yao.

Sehemu moja wanayoipenda sana ni kando ya Ziwa Chapala, katika jimbo la Jalisco, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kusini mwa jiji la Guadalajara. Ndilo ziwa kubwa kuliko yote Mexico, urefu wake unafika kilomita 80 hivi, ingawa kina chake ni kifupi. Liko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Iringa, kwa hiyo hakuna joto la kuchosha wala theluji. Ufukwe wa kaskazini una mji wa Chapala wenyewe, kisha Ajijic, San Juan Cosalá na Jocotepec. Wageni si jambo jipya hapo. Mwandishi Mwingereza D. H. Lawrence alikaa Chapala mwaka 1923, na mwaka 1955 wageni walianzisha chama chao, Lake Chapala Society, ambacho kipo mpaka leo.

Ukisikia hivyo utadhani wamefika Edeni. Subiri kwanza gesi iishe.

Nyumba nyingi za huko zina tenki la gesi juu ya paa, na gesi hiyo ndiyo inayopika na kuchemsha maji ya kuoga. Huwa inaisha mtu akiwa na sabuni kichwani. Lori la gesi hupita mtaani likijitangaza kwa sauti, na ukilikosa unapiga simu na kuongea Kihispania, ambacho wazee wengi hawakijui zaidi ya salamu. Maji ya bomba huja kwa zamu sehemu nyingi, yakaingia kisimani chini ya ua, kisha pampu ikayasukuma hadi tenki la juu. Pampu ikiharibika, nyumba nzima inakauka. Maji ya kunywa hununuliwa kwa dumu la lita 20 linaloletwa mlangoni. Bili ya umeme huja kila baada ya miezi miwili, karatasi imechomekwa getini, na ukiwa safarini ikapeperushwa na upepo, utarudi ukute giza. (Hapo sisi na LUKU yetu tuna la kujivunia, ingawa nayo ina vituko vyake.)

Halafu ni fundi. Fundi wa Ajijic husema atakuja kesho. Mgeni aliyezoea saa ya Toronto anakaa nyumbani siku nzima akimngoja, jioni amekasirika kama aliyetukanwa. Msomaji wangu, wewe na mimi tunamjua huyo fundi. Anaishi pia mtaani kwetu, na sasa hivi yuko njiani, anakaribia kufika.

Lakini kinachowavunja moyo wengi ni makaratasi. Anayetaka kuishi Mexico kwa muda mrefu huanza kwenye ubalozi akiwa bado nje ya nchi, akithibitisha kipato chake. Akishaingia ana siku 30 za kuanza kubadilisha viza hiyo iwe kadi ya ukazi. Kadi ya muda hutolewa kwanza kwa mwaka mmoja, kisha huongezwa, na miaka minne ikitimia anaweza kuomba ya kudumu. Akipata ya kudumu anagundua kwamba gari aliloingia nalo, lenye namba za kigeni, haruhusiwi tena kuwa nalo. Benki na ofisi zinamtaka aonyeshe anapoishi, na ushahidi unaokubalika zaidi ni bili ya umeme. Bili yenyewe mara nyingi bado ina jina la mwenye nyumba wa zamani, pengine marehemu. Kwetu angekwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaandikiwa barua.

Na majina! Mmexico ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Mgeni ana jina lake, jina la katikati na ukoo mmoja. Karani anachukua lile la katikati analifanya la ukoo, na kuanzia hapo kadi inasema hivi, pasipoti inasema vile. Yeyote ambaye kitambulisho chake cha taifa kimetofautiana na cheti cha kuzaliwa kwa herufi moja atamhurumia mzee huyu bila kufundishwa.

Sasa wazee hawa wakikutana kwa kahawa, huzungumza nini? Unaweza kubuni. Wanazungumza gesi, umeme, fundi, matuta ya barabarani, na vyakula vya kwao visivyopatikana au vinavyouzwa ghali. Kitabu cha Hesabu sura ya 11 kina mkutano kama huo. Wana wa Israeli wako jangwani, wametoka utumwani, na wanalia kwa ajili ya samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu. Wanasema samaki walipewa bure. Fimbo za wasimamizi hazitajwi. Mtu aliye ugenini ana kumbukumbu ya ajabu: inakumbuka chakula na kusahau sababu ya kuondoka. Mzee anayelilia duka la kwao amesahau kwamba alihama kwa sababu bei za duka hilo, kodi ya nyumba na gharama za daktari vilikuwa vinamla pensheni yote.

Manung'uniko ya gesi ni madogo, yanaisha lori likifika. Yapo mengine ambayo yananigusa zaidi, hasa kwa kuwa yanahusu ibada.

Ajijic ina kanisa la Mtakatifu Andrea, na sikukuu yake ni tarehe 30 Novemba. Kabla ya hapo kuna siku tisa za misa, maandamano, bendi na baruti. Naposema baruti sisemi fataki za rangi za kutazama. Ni roketi za kijiti zinazorushwa na kupasuka kwa kishindo tu, alfajiri kabla jua halijachomoza, kuwaita watu na kutangaza kwamba siku ya Mungu imeanza. Mbwa wa wageni wanajificha chini ya vitanda. Wageni wenyewe wanaamka moyo ukidunda, na kila mwaka wapo wanaouliza kwa nini serikali haipigi marufuku.

Mimi nakiri sipendi kelele, na kwenye mabishano yetu ya vipaza sauti vya makanisa huwa upande wa majirani waliokosa usingizi. Kwa hiyo siwalaumu haraka. Ila pana tofauti. Jirani yako wa Kimara aliyezaliwa hapo akilalamika, anadai haki ya mwenyeji. Mtu aliyefika mwaka jana, akanunua nyumba hatua chache kutoka kanisani kwa sababu kengele zilipendeza kwenye picha, kisha akataka mji unyamaze, anadai nini hasa? Katika miji mingi ya Jalisco sikukuu ya mtakatifu msimamizi huwa na siku maalumu ya watoto walio mbali, yaani wale waliokwenda Marekani kufanya kazi. Wanaoweza hurudi, wanaandamana hadi kanisani pamoja na mama zao. Kishindo kile cha alfajiri kinamwambia kijana aliyeosha vyombo Chicago mwaka mzima kwamba amefika nyumbani. Mgeni akifunika kichwa kwa mto, ni vizuri ajue sauti hiyo inaongea na nani.

Hapa ndipo nataka tusimame, wapendwa. Tukisoma habari za mgeni katika Biblia, tumezoea kumwona maskini. Torati inamweka pamoja na yatima na mjane. Anaokota masazo shambani kama Ruthu. Walawi 19 inatuagiza tumpende kama nafsi zetu kwa kuwa tuliwahi kuwa wageni Misri. Mahubiri hayo tumeyasikia, na ni ya kweli. Lakini yuko mgeni wa pili ambaye hatumhubiri sana: mgeni aliye na fedha kuliko wenyeji wake. Huyo naye Biblia inamjua.

Isaka alikuwa mgeni wa namna hiyo kule Gerari (Mwanzo 26). Alipanda akavuna mara mia, akawa na kondoo, ng'ombe na watumishi wengi, hadi Abimeleki akamwambia aondoke kwa kuwa amewazidi nguvu. Ugomvi ukahamia kwenye visima. Isaka akachimba, wenyeji wakasema maji ni yao. Akachimba kingine, wakagombana tena. Akasogea akachimba cha tatu, hapo pakawa na nafasi. Maji yalikuwa na maana gani nchi kavu, huhitaji kuelezwa. Ziwa Chapala nalo hupungua. Lilishuka vibaya mwaka 1955 na tena mwaka 2002, na jiji la Guadalajara hutegemea ziwa hilo kwa sehemu kubwa ya maji yake. Watu wa Mwanza na Kisumu watashangaa kusikia kwamba gugu maji lilelile linalowasumbua wavuvi wetu limetanda huko pia. Ukiwa mgeni katika mji wa namna hiyo, bwawa lako la kuogelea si jambo lako peke yako.

Hata nyumba si jambo lako peke yako. Nyumba nyingi za Ajijic hutangazwa kwa dola. Mstaafu anaiona bei nafuu, kijana wa mji anayelipwa kwa peso anaiona haifikiki, na anakwenda kutafuta chumba mbali na mtaa aliokulia. Mgeni hakumwibia mtu. Alilipa bei iliyotajwa. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulihubiri: hakuna mwizi, na bado yuko aliyepoteza. Nasi tunaotoka mjini na kununua viwanja vya vijijini kwa bei ya kutupwa tusijifanye hatujui ninachosema.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo mambo ni wazi kabisa. Karibu kila nyumba ya mgeni ina mama anayefanya usafi na mwanamume anayetunza bustani. Sheria ya kazi ya Mexico inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, hata wa nyumbani, posho ya mwisho wa mwaka isiyopungua mshahara wa siku 15, kabla ya tarehe 20 Desemba. Inaitwa aguinaldo. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, wafanyakazi wa nyumbani lazima pia waandikishwe kwenye hifadhi ya jamii. Wapo wageni wanaofanya yote hayo na zaidi, wakalipa hadi ada za shule za watoto wa wafanyakazi wao. Wapo pia wanaosema kwamba kwa kuwa mshahara wanaotoa unazidi wa mtaani, sheria haiwahusu. Kumbukumbu la Torati 24 inataka kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Haijaweka kifungu cha kumsamehe mwajiri mkarimu. Na kabla hujamnyooshea kidole mzee wa Kanada, mtazame dada anayekuosheria vyombo wakati unasoma gazeti hili.

Nimalizie na la mwisho kwa mgeni yeyote, ambalo ni kaburi. Wengi waliokwenda Chapala wawili watabaki mmoja. Sheria ya afya ya Mexico inataka mwili uzikwe, uchomwe au uhifadhiwe kwa dawa ndani ya saa 48. Sisi tunaongoja ndugu watoke Mbeya na Bukoba, fikiria mjane asiye na Kihispania, watoto wako Vancouver, na saa zinahesabika. Katika siku mbili hizo anahitaji daktari wa kusaini cheti, mtu wa kwenda naye ofisini, mtu wa kuongea na wenye makaburi. Miaka kumi ya kulalamika haimpi mtu hata mmoja wa kumpigia simu usiku huo. Anayekuja mara nyingi ni yule mama wa usafi, na mumewe, na jirani ambaye baruti zake zilimkera marehemu.

Ibrahimu alifiwa na Sara huko Hebroni, ugenini, naye hakuwa na mahali pa kumzika. Alikuwa tajiri, wenyeji walimwita mkuu. Alisimama langoni mwa mji, mahali palipofanyika makaratasi ya siku zile, akawaambia yeye ni mgeni na mpitaji kwao. Kisha akainama mbele ya watu wa nchi, akaomba auziwe pango la Makpela. Efroni Mhiti akasema atampa bure, shamba na pango. Ibrahimu akainama mara ya pili, akakataa cha bure, akauliza bei. Ilikuwa shekeli 400 za fedha. Hakuomba punguzo. Alizipima zote, wenyeji wakisikia, ndipo akaenda kumzika mkewe.