Ukichukua, Urudishe

Mwezi huu ukurasa wa vijana unawaletea yaliyotupata kwenye darasa la kompyuta. Sisi ni wanafunzi sita, tunajifunza lugha ya C++, ile aliyoanza kuitengeneza Bjarne Stroustrup mwaka 1979.

Tuliandika programu ya kadi za maktaba ya watoto. Watoto 40, kila mmoja na picha yake. Katika lugha hii kila kadi ni "kitu" chenye jina, namba na picha. Siku ya kwanza ilifanya kazi, tukashangilia. Siku ya pili, saa tano hivi, kompyuta ikaanza kujikokota, halafu ikaganda kabisa. Majina tuliyoyaingiza tangu asubuhi yote yakapotea! Mama mmoja akatuuliza, "Ndiyo hayo mnayojifunza, wanangu?" Jamani, iliuma.

Mwalimu hakutugombeza. Alichora kambi ubaoni. Kumbukumbu ya kompyuta, alisema, ni kama viwanja vyenye namba. Ukiandika "new" unapewa kiwanja, na namba yake unaitunza. Ukimaliza unaandika "delete", kiwanja kinarudi, apewe mwingine.

Kumbe sisi kila tulipofungua orodha tuliomba viwanja vipya, na namba za zamani tukazitupa! Picha 40 za KB 100 ni karibu MB 4 kila mara. Kompyuta yetu ina MB 512 tu, na sehemu imeshachukuliwa na mfumo wenyewe. Ukifungua kama mara mia, basi, imejaa.

Ila kuna hatari nyingine. Kurudisha kiwanja kimoja mara mbili ni kosa. Kurudi kwenye kiwanja ulichokwisha kukiachia pia ni kosa, maana huenda ukamkuta mwenyeji mwingine.

Mwenzetu aliuliza, mbona tusitumie Java, iliyotoka mwaka 1995, ambayo ina mfagiaji wake? Mwalimu alijibu kwamba hata C++ tangu mwaka 2011 ina "unique_ptr", inayorudisha kiwanja yenyewe kazi ikiisha. Lakini alitaka kwanza tujue kufagia kwa mkono.

Tulirekebisha, tukaongeza pia kila jina lihifadhiwe papo hapo. Kuandika upya kulituchukua jioni mbili. Haijaganda tena. Na yule mama? Amekuja kuchukua kadi ya mwanawe, akacheka na sisi.

Tukutane mwezi ujao.