Usiku Uliowagawa Mashabiki: Vita vya Winterfell katika Game of Thrones

"The Long Night" ni sehemu ya tatu ya msimu wa nane wa Game of Thrones, tamthilia ya HBO iliyotokana na riwaya za George R. R. Martin. Ilirushwa Marekani usiku wa Jumapili, Aprili 28, 2019, wakati Afrika Mashariki ilikuwa saa 10 alfajiri ya Jumatatu. Ina dakika 82, ndefu kuliko nyingine yoyote kati ya sehemu 73 za tamthilia hiyo, na karibu muda wote huo ni vita moja: walio hai wamejikusanya katika ngome ya Winterfell, jeshi la wafu linakuja kuwamaliza. Waandishi ni David Benioff na D. B. Weiss, mwongozaji ni Miguel Sapochnik. Watazamaji milioni 17.8 waliifuata nchini Marekani usiku ule wa kwanza, rekodi ya tamthilia hiyo hadi siku hiyo. Kulipokucha mabishano yalikuwa yameanza, na hayajakwisha.

Mabishano hayo si ya kambi mbili, moja ikisifu na nyingine ikiponda. Mara nyingi shabiki yuleyule ana tukio moja ambalo angelitazama tena mara kumi, na jingine ambalo bado linamkera, na yote mawili yamo ndani ya robo saa moja. Anayeyapanga matukio hayo kwa makini huona jambo linalojirudia. Yaliyopendwa ni yale ambayo hadithi ilikuwa imeyaandaa kwa miaka na mhusika akayalipia kwa gharama halisi. Yaliyochukiwa ni yale ambamo hatari ilionyeshwa kwa mbwembwe, kisha ikaondolewa bila mtu kulipa chochote.

Tukio linalotajwa kwanza na wengi ni lile la wapandafarasi wa Dothraki. Dakika za mwanzo hazina maneno karibu yoyote: mikono ya Samwell Tarly inatetemeka akipokea silaha, majeshi yanasimama kwenye baridi yakilitazama giza. Kisha anatokea Melisandre, yule kuhani mwanamke wa mungu wa moto, na kwa dua yake mapanga yaliyopinda ya Dothraki yanawaka moto yote kwa pamoja. Maelfu ya farasi wanatimka, Jorah Mormont akiwa mbele na mbwa mwitu Ghost pembeni yao. Kamera haiwafuati. Inabaki nyuma pamoja na wale wanaongoja, na kutoka huko moto unaonekana kama mstari wa taa unaosonga mbali. Taa zinaanza kuzimika, moja, kumi, mia, mpaka giza linarudi kamili na kelele zinakoma. Baadaye farasi wachache wanarudi bila wapandaji.

Nguvu ya tukio hilo iko katika kile kisichoonyeshwa. Hakuna panga linaloonekana likimkata mtu, hakuna damu, na bado mtazamaji anaelewa kwamba jeshi lililotisha bara zima limefutwa kwa chini ya dakika mbili. Sapochnik alikuwa na uzoefu wa kazi ya aina hii. Ndiye aliyeongoza "Hardhome" mwaka 2015 na "Battle of the Bastards" mwaka 2016, sehemu iliyompa tuzo ya Emmy ya uongozaji. Akijiandaa kwa Winterfell aliichunguza vita ya Helm's Deep katika filamu ya The Two Towers, akitafuta namna ya kumfanya mtazamaji asichoke. Jibu lake lilikuwa kuigawa vita katika hatua: kwanza hofu ya kungoja, kisha mapigano yenyewe, mwishoni majonzi ya wahusika.

Hata hivyo, tukio hilohilo ndilo lililozaa lawama ya kwanza. Wapenzi wa historia ya vita waliuliza ni jemadari gani anayewatuma wapandafarasi gizani dhidi ya adui asiyemwona. Waliuliza pia kwa nini mitambo ya kurusha mawe ya moto iliwekwa mbele ya askari, na kwa nini askari wa miguu walipangwa nje ya handaki la moto badala ya kukaa nyuma yake. Ni maswali ya haki. Mpango wa wakuu wa Winterfell ulikuwa kumvuta Mfalme wa Usiku, kiongozi wa jeshi la wafu, kwa kumtumia Bran Stark, kijana wa ukoo wa Winterfell, kama chambo, lakini mpango huo hauhitaji kuwapoteza wapandafarasi wote dakika ya kwanza. Lawama nyingine ilikuwa nzito zaidi: Dothraki na askari wa Unsullied, watu wa ng'ambo ya bahari ambao wengi wao walichezwa na waigizaji wasio Wazungu, ndio waliowekwa mstari wa mbele kufa ili kuilinda ngome ya watu wa kaskazini. Uandishi haukuwapa hata sauti moja ya kueleza wanachokifia. Hasira iliongezeka wiki zilizofuata, pale wapandafarasi walioonekana kuisha walipotokea tena kwa wingi wakielekea mji mkuu, King's Landing.

Malalamiko yaliyosikika kuliko yote yalihusu giza. Watu walizima taa za sebuleni, wakafunga mapazia, wakapandisha mwanga wa runinga, na bado hawakujua nani anampiga nani. Mpigapicha mkuu, Fabian Wagner, alijitetea hadharani kwamba picha aliyoipiga haikuwa na giza kupita kiasi. Alitaja runinga za nyumbani zisizopangwa vizuri, na namna picha inavyobanwa kabla ya kumfikia mtazamaji. Kwa upande wa ufundi, hoja yake ina msingi. Picha ya intaneti au ya dishi haisafirishwi nzima; programu huipunguza kwa kutupa tofauti ndogo za rangi ambazo jicho haliwezi kuzigundua kirahisi. Katika picha ya mchana tofauti zinazotupwa hazionekani. Katika picha ya usiku, tofauti ndogo kati ya weusi na weusi zaidi ndiyo picha yenyewe, na zikitupwa hubaki mabaka ya mraba na mistari ya kijivu inayocheza angani. Aliyetazama nakala iliyobanwa tena na tena ili iingie kwenye simu au flashi alipata hasara kubwa zaidi. Msimu huo ulipotoka kwenye diski za ubora wa juu, wengi walikiri kwamba wameona sura ambazo usiku wa kwanza hawakuziona kabisa.

Lakini utetezi huo hautoshi. Kazi ya runinga hutengenezwa kwa ajili ya sebule za watu jinsi zilivyo, na mtayarishaji anayejua kwamba picha itabanwa ana wajibu wa kuacha nafasi ya hasara hiyo. Giza lenyewe lilikuwa uamuzi halali wa kisanii: askari ndani ya tufani ya theluji haoni kitu, na mtazamaji aliwekwa mahali pa askari. Timu ilipiga picha za nje kwa usiku 55 huko Ireland ya Kaskazini, kwenye baridi na matope, na uchovu wa waigizaji unaoonekana usoni si wa kuigiza wote. Kilichokosewa ni kipimo. Pale majoka mawili ya malkia Daenerys Targaryen na mpiganaji Jon Snow yanapopambana na lile la wafu juu ya mawingu, mwezi unatoa mwanga na tukio linapendeza. Yanaposhuka chini ya mawingu, hata shabiki mwaminifu anapoteza hesabu ya joka lipi ni la nani.

Vifo viliwapatanisha mashabiki zaidi ya jambo jingine lolote. Lyanna Mormont, binti mdogo anayetawala Bear Island, aliyechezwa na Bella Ramsey, anapondwa mkononi mwa jitu lililokufa, na kabla ya kukata roho analichoma jichoni. Mhusika huyu aliingia mwaka 2016 kwa nafasi ndogo tu, akapendwa hadi akabakizwa. Kifo chake kilikuwa na ukubwa uliomstahili. Jorah, aliyempenda Daenerys bila kupendwa vivyo hivyo tangu msimu wa kwanza, anakufa akiwa amesimama mbele yake na panga mkononi. Theon Greyjoy anakamilisha safari ngumu kuliko zote. Katika msimu wa pili aliiteka Winterfell na kumsaliti Bran. Sasa anabaki peke yake akimlinda Bran huyohuyo chini ya mti mtakatifu. Bran anamwambia kwamba yeye ni mtu mwema. Theon analia, anashika mkuki, anakimbia kuelekea kifo ambacho anajua hawezi kukikwepa. Alfie Allen aliteuliwa kuwania Emmy mwaka huo, na ni vigumu kumwona wa kuulaumu uteuzi huo.

Ubaya ni kwamba orodha ya waliokufa iliishia karibu na hapo, ukiwaongeza Beric Dondarrion, Edd wa kikosi cha Night's Watch na Melisandre. Vijana wa vibanda vya video wana kanuni yao, kwamba steringi hafi, na Game of Thrones ilijijengea jina mwaka 2011 kwa kuivunja, pale Ned Stark, mhusika mkuu wake, alipokatwa kichwa kabla msimu wa kwanza haujaisha. Huko Winterfell kanuni hiyo ilirudi. Wapiganaji Brienne, Jaime, Podrick, Tormund, Grey Worm na Samwell wanaonyeshwa mara kwa mara wakiwa wamefunikwa na wafu, wamebanwa ukutani, wengine wamelala chini ya lundo la maiti. Kamera inahama, inarudi, nao bado wazima. Mara ya kwanza mtazamaji anashtuka. Mara ya nne anaacha kuogopa. Sapochnik mwenyewe alisema baadaye kwamba alitaka wengi zaidi wafe, akiwemo Jorah katika shambulio lile la farasi, ila waandishi walikataa. Katika hili mwongozaji aliielewa tamthilia vizuri kuliko waliomwandikia.

Kasoro ya makaburi ni ndugu wa hiyo. Wanawake, watoto na wasio na silaha walifichwa chini ya ngome, mahali walipozikwa akina Stark wa vizazi vyote, ilhali adui anajulikana kwa kufufua maiti. Mashabiki waliona hatari hiyo wiki nzima kabla, na wahusika wote werevu hawakuiona. Maiti zilipotoka ukutani, hakuna hata mhusika mmoja mkubwa aliyedhurika. Kilichookoa sehemu hiyo ni Sansa Stark na Tyrion Lannister wakiwa wamejibanza nyuma ya kaburi, wakitazamana kimya na visu mikononi, kila mmoja akimuaga mwenzake.

Kisha inakuja dakika ambayo bado inagombewa. Mfalme wa Usiku anaingia kwenye bustani ya mti mtakatifu kumwua Bran, na piano ya mtunzi wa muziki Ramin Djawadi inaanza kusikika. Wafuatiliaji walijua maana yake: chombo hicho kilikuwa kimesikika katika mwisho wa msimu wa sita, mwaka 2016, muda mfupi kabla malkia Cersei hajalipua hekalu la King's Landing. Muziki unaendelea karibu dakika tisa, juu ya picha za wapiganaji wanaozidiwa kila upande. Arya Stark, dada yake Bran, anaruka kutoka gizani. Mfalme anamdaka koo na mkono wenye jambia. Arya analiachia jambia, analidaka kwa mkono mwingine, anamchoma, na jeshi lote la wafu linaanguka.

Waliofurahia wana ushahidi wa kutosha kwamba tukio hilo liliandaliwa. Mbinu ya kubadilisha mkono Arya aliitumia katika msimu wa saba alipofanya mazoezi na Brienne. Jambia ni lilelile lililotumiwa kujaribu kumwua Bran katika msimu wa kwanza, naye Bran ndiye aliyempa dada yake chini ya mti huohuo. Melisandre alishamtabiria Arya, katika msimu wa tatu, kuhusu macho ya rangi mbalimbali atakayoyafumba, yakiwemo ya buluu. Benioff na Weiss walisema waliamua takriban miaka mitatu kabla kwamba muuaji atakuwa yeye, kwa sababu Jon Snow angetarajiwa mno.

Waliokasirika nao hawakosi hoja. Jon ndiye aliyekutana uso kwa uso na Mfalme wa Usiku huko Hardhome, ndiye aliyefufuliwa, ndiye aliyezunguka nchi nzima akiwaonya watu. Usiku wa mwisho aliachwa akipigiana kelele na joka lililokufa. Bran alituma akili yake ndani ya kunguru na hakuna aliyeambiwa alikwenda kufanya nini. Namna Arya alivyopita katikati ya walinzi wa Mfalme iliachwa kwa upepo uliotikisa nywele za mmoja wao. Zaidi ya yote, tishio lililofungua tamthilia mwaka 2011, kabla hata ya kuonyeshwa kiti cha enzi, lilimalizwa kwa usiku mmoja, na Mfalme akaondoka bila yeye mwenyewe kusema alitaka nini. Hapa mizani inaelemea kwa walalamikaji: mkono uliomwua ulichaguliwa vizuri, ila kifo chenyewe kilikuja mapema mno, sehemu tatu kabla ya mwisho, na msimu uliobaki haukupata tena jambo kubwa la kuogopwa.

Katika tuzo za Emmy za mwaka 2019, "The Long Night" ilishinda uhariri wa picha, uhariri wa sauti na uchanganyaji wa sauti. Maisie Williams, aliyemcheza Arya, aliteuliwa na hakushinda. Sapochnik naye aliteuliwa kwa uongozaji, na tuzo hiyo ikaenda kwa Jason Bateman wa Ozark.